Mrija wa Dada Najua

Asubuhi Malaba huwa na ukungu mwembamba unaotoka upande wa mto na kupita katikati ya malori kama mtu anayetafuta aliyepotea. Malori husimama moja nyuma ya jingine mpaka macho yachoke. Saa hiyo, kabla jua halijapata nguvu, mpita njia husikia mambo mengi bila kuyaona: sufuria ya chai inagongwa, breki zinapumua, dereva anakohoa ndani ya gari lake, mwingine anaimba wimbo wa kanisani bila kuufikisha mwisho. Na kwa miaka kumi na moja kulikuwa na sauti moja iliyosikika kuliko zote. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka, na neno lake lilikuwa moja.

"Najua, najua, najua."

Huyo alikuwa Gentrix Apeduno, ajenti wa forodha. Kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za mizigo ili gari likifika mpakani lisikwame. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, na meza yake ndiyo iliyokuwa dirishani. Madereva walimpenda kwa sababu ya kasi yake. Dereva alikuwa hajamaliza kusema ametoka wapi, Gentrix keshaandika anakokwenda. Akisikia nusu ya jambo, nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe, na mara nyingi alipatia. Mataniboi, wale vijana wasaidizi wa madereva, walimpa jina. Wakimwona anakuja na faili kwapani, walipiga mbinja na kuitana, "Dada Najua huyo! Msimwambie kitu, anajua tayari!"

Naye alicheka. Jina hilo halikumuudhi, kwa kuwa alikumbuka siku ambazo hakujua chochote.

Alizaliwa karibu na Amukura, akasoma mpaka karo ikaisha, akaja Malaba kuuza chai ya maziwa na mandazi. Alikuwa msichana mnyamavu. Aliwamiminia maajenti chai na kusimama kando na birika lake, huku wao wakibishana juu ya karatasi, mihuri na mizani. Hakuna aliyemfundisha. Masikio yake yaliokota kidogo kidogo, kama kuku anavyookota mtama uani, mpaka siku moja karani akaugua, na msichana wa chai akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo fomu mmeiandika mbele nyuma." Hivyo ndivyo alivyofika kwenye meza ya dirishani. Lakini kukaa kwenye meza kuna mambo yake. Mwaka baada ya mwaka mdomo wake ulizidi kufunguka, na masikio yale yaliyomfikisha hapo yakasinzia polepole bila mwenyewe kujua.

Mama Truphena alipiga simu siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi. Alikuwa mteja wa miaka mingi, mwanamke wa Bungoma mwenye mashine za kuangulia vifaranga. Kila mara alipouza vifaranga Uganda, walipitia Malaba, na kila mara karatasi ziliandaliwa na Gentrix. Siku hiyo Gentrix alikuwa ameibana simu kwa bega. Mkono mmoja ulikuwa unamgongea dereva muhuri, na mwingine unamwashiria dereva wa pili asogee.

"Gentrix, habari ya leo. Nataka tuongee juu ya vifaranga wa kesho."

"Najua, mama. Maboksi ishirini."

"Ndiyo, ishirini. Lakini safari hii huyu mteja..."

"Najua, mama. Ni yule wa Tororo. Ana maneno mengi, lakini mwambie karatasi atazikuta."

"Si huyo. Huyu ni mpya, yuko upande wa Busia, kwa hivyo gari lita..."

"Najua, najua! Weka roho chini, mama. Mimi na wewe tumetoka mbali."

Neno Busia lilipita sikioni mwake kama lori lisilo na mzigo. Mama Truphena alinyamaza kidogo.

"Basi kama unajua," alisema, "mimi nimemaliza."

Gentrix akaandika Malaba.

Kesho yake saa tatu na nusu simu ililia. Alikuwa Nicholas, dereva wa pikapu ya Mama Truphena, kijana mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti.

"Dada, niko hapa Busia, na kompyuta inasema mimi niko Malaba."

"Busia unafanya nini?"

"Nimetumwa. Si mama alisema mlishaongea?"

Gentrix alishika ukingo wa meza. Jambo lenyewe lilionekana dogo, lakini halikuwa dogo. Kibali cha mifugo, alichokitafuta Mama Truphena mwenyewe, kilisema Busia. Karatasi ya forodha, aliyoiandika Gentrix, ilisema Malaba. Gari likibaki kule, karatasi moja ingekataa, na likija huku, ingekataa nyingine. Alichukua pikipiki, wakapita Adungosi, wakapita Alupe, upepo ukimtoa machozi, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba saa moja itatosha.

Haikutosha. Afisa aliyekuwa zamu alifanya kazi yake bila kumzungusha, lakini karatasi iliyokosewa lazima ifutwe, iandikwe upya, ipitie tena mikono ile yote iliyoipitia mwanzo. Ilipofika saa saba, pikapu ilikuwa bado imesimama kati ya malori mawili ya saruji, mahali upepo haufiki.

Kifaranga wa siku moja anaweza kusafiri mbali mradi gari linakwenda. Upepo huingia kwenye matundu ya boksi, naye hulia akiwa mzima. Gari likisimama juani, joto la miili mia moja iliyobanana huwarudia wenyewe. Nicholas alikuwa amefungua turubai na kuloweka magunia. Alikuwa anapepea kwa kipande cha katoni, mkono ukichoka anabadilisha.

Gentrix aliposhuka kwenye pikipiki asubuhi ile, sauti iliyotoka kwenye gari ilikuwa kama mvua juu ya mabati. Sasa ilikuwa imepungua, kama mvua inayokatika, tone hapa na tone pale.

"Boksi la chini limenyamaza," Nicholas alisema.

"Najua," alijibu Gentrix. Lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

Nicholas aliacha kupepea. Alimtazama kwa uchovu tu, bila hasira.

"Hapana, dada. Hujui. Weka sikio hapa."

Akaweka. Boksi lilikuwa la moto shavuni mwake. Alisubiri. Malori yalinguruma mbali sana, kana kwamba yako katika nchi ya tatu. Ndani ya boksi hapakuwa na kitu. Palikuwa na kimya kizito, chenye joto, na harufu ya manyoya mabichi. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa muda mrefu hivyo ametega sikio mahali pamoja.

Walipovuka saa tisa, zaidi ya vifaranga mia sita walikuwa wamekufa.

Mama Truphena alikuja Malaba Alhamisi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa, na hakupiga kelele. Gentrix alikuwa amejiandaa kwa kelele.

"Uliposema unajua, nilinyamaza," Mama Truphena alisema. "Ungesema hujui, ningekuambia. Nilikuwa na maneno mdomoni, Gentrix. Nikayameza kwa sababu yako."

Akatoka. Willis, mwenye ofisi, alikuwa amekaa pembeni akimenya njugu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyapima.

"Madam," alisema, "mama yule ana mzigo mwingine wiki tatu zijazo. Nilimwomba sana, nikamwambia hata meza yako inamtegemea yeye. Amekubali kukupa wewe, mara moja hii. Mkielewana, tumeendelea. Akiondoka, hiyo meza nitampa mtu mwingine. Kwa wateja wengine pia nimesikia habari zako. Wanasema wewe ni mwepesi, lakini ukiongea nao wanatoka na mzigo ule ule waliokuja nao kifuani."

"Ninajua, boss, mimi..."

Willis alimtupia njugu moja mezani. "Unaona?"

Tangu siku hiyo Gentrix alijaribu kusikiliza, na ilikuwa kichekesho. Aliuma ulimi mpaka ukavimba. Alitikisa kichwa kwa kila neno, hata dereva mmoja akamuuliza kama shingo inamuuma. Mtu mmoja kutoka Eldoret alimweleza habari za mbolea yake, naye Gentrix akarudia kila kitu neno kwa neno, macho yamemtoka.

"Dada," mtu yule alisema, "mimi nimesema hivyo, na wewe umesema hivyo. Sasa nani atasema kitu kipya?"

Mataniboi walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini shida yenyewe ilikuwa ndani. Mtu alipoanza kusema, kichwa cha Gentrix kilikwisha kumtangulia mwisho wa barabara, kikawa kinamsubiri huko kwa kiburi. Mdomo ulifungwa na kichwa kikaendelea kusema najua. Na usingizini alisikia mvua juu ya mabati. Ilinyesha, ikapungua, ikakatika, naye aliamka.

Jumamosi ya pili alikwenda nyumbani Amukura. Kaka yake alikuwa amepata mtoto wa kike, na siku hiyo mtoto angepewa jina. Ajono ilikuwa imechachuliwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, watu wakiuzunguka mtungi mmoja. Mama yake, Aluka, alikuwa amemshika mjukuu. Alichovya kidole kwenye mtungi, akakigusisha mdomoni mwa mtoto, akataja jina la bibi mmoja wa zamani. Watu wote wakanyamaza, hata kuku walionekana kunyamaza. Walikuwa wanangoja kama mtoto atanyonya, maana akinyonya, jina limekubaliwa. Mtoto akageuza uso. Likatajwa jina la pili, kimya kikarudi tena. Kwa jina la tatu kikasikika kitu kidogo sana, *mcha, mcha*, midomo midogo ikivuta. Wanawake wakapiga vigelegele.

Gentrix alikaa kwenye duara, akapewa mrija. Mwanga wa alasiri ulikuwa wa rangi ya asali, na moshi wa jikoni ulilala juu ya nyasi usitake kuondoka. Kwao kulikuwa na desturi ya mtungi ambayo aliikuta na hakuwahi kuifikiria. Aliye na mrija mdomoni hasemi. Anayetaka kusema huutoa, huulaza juu ya goti, na kabla hajasema lake hutaja kwanza pale alipoishia mwenzake. Ukishindwa kutaja, unarudisha mrija mdomoni na watu wanakucheka. Mjomba wake Callistus, mzee asiye na meno ya mbele wala aibu, ndiye aliyekuwa askari wa desturi hiyo.

"Gentrix amerudi," alisema Callistus. "Sikio halipiti kichwa, lakini mdomo wa huyu umepita vyote viwili. Mpeni mrija mnene!"

Watu walicheka. Aluka, ambaye bado alikuwa amemkumbatia mtoto, alicheka pia, halafu akamtazama binti yake.

"Wewe ulipozaliwa," alianza, "mvua ilikuwa imenyesha siku tatu."

Hadithi hiyo Gentrix aliisikia kila mwaka. Mvua, mto uliojaa, safari ya zahanati iliyokatikia kando ya njia, mtoto aliyeshindwa kungoja. Kila mwaka alimkatiza hapo hapo mama yake, aliyemwita toto kwa lugha ya kwao: najua, toto, nilizaliwa njiani, ndiyo maana nina haraka. Watu wakacheka, hadithi ikaisha. Neno lilimpanda kooni sasa. Akautoa mrija, akaulaza juu ya goti, kisha akakumbuka kwamba lazima ataje alipoishia mama. Akatafuta kichwani. Ndipo alipoona kwamba hajui mama yake huishia wapi. Katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kumwacha afike.

Akaurudisha mrija mdomoni.

Aluka alisita, kama mtu aliyezoea kukuta mlango umefungwa na leo ameukuta wazi. Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini.

"Ulizaliwa, hukulia. Bibi yako alikupiga makalio, hukulia. Akakufunika uso kwa leso. Wanawake wakaanza kuomboleza pale pale kwenye mvua. Akapita mama mmoja anatoka pande za Sio Port, ana beseni la omena kichwani, wale samaki wadogo wa ziwani, anapeleka sokoni. Hatukumjua. Alitua beseni. Hakuuliza kitu. Alisema tu, 'Nyamazeni.' Sisi ndio wenye msiba, na yeye anatuambia tunyamaze! Akapiga magoti kwenye tope, akaifunua leso, akaweka sikio kifuani kwako."

Mtoto mchanga alijinyoosha. Aluka akamtuliza.

"Akakaa hapo. Mvua inampiga mgongoni. Omena zinaloa, biashara yake inaharibika, yeye amekaa tu. Nilifikiri amelala. Bibi yako akasema, mama, mwachie mtoto, imetosha. Yeye akainua kidole hivi, na sikio hakulitoa. Halafu akasema, 'Yupo.' Neno hilo moja. Akakupulizia, akakusugua kwa viganja, akakupulizia tena. Ukalia. Alipoinuka, magamba ya omena yalikuwa yamebaki kifuani kwako, yanang'aa kama senti mpya. Siku mbili sikuyaosha. Niliogopa."

Hakuna aliyenyonya mrija. Gentrix aliusikia moyo wake ukigonga, na ulionekana kuwa kitu cha mtu mwingine, alichoazimwa tu.

Akaulaza mrija juu ya goti. "Umeishia kwamba uliogopa kuyaosha," alisema polepole. "Toto, kwa nini hukuniambia?"

"Kila mwaka nimeanza kukuambia," Aluka alisema.

Callistus alijifuta macho kwa mkono wa shati, akajikohoza. "Na hata jina la yule mama hamkuuliza. Watu gani nyinyi."

"Alikuwa na haraka ya soko," Aluka alijibu. "Haraka yake aliisimamisha kwa ajili ya mtu mmoja tu."

Jumatatu Gentrix alirudi kwenye meza ya dirishani. Hakuwa na mrija, kwa hivyo alichukua kalamu ya plastiki akaibana kwa meno. Mtu alipoanza kusema, kalamu iliingia mdomoni. Haikutoka mpaka mtu amalize, na hata akimaliza Gentrix alingoja kidogo, kama walivyongoja mtoto anyonye. Alikuja kuona kwamba wengi wanaposema wamemaliza huwa hawajamaliza. Huwa wamefika mlangoni tu, wanatazama kama mwenyeji yupo.

Mzee Erastus, dereva wa kontena la sabuni, alimpa karatasi zake, akasema mzigo, akasema gari, akanyamaza. Zamani Gentrix angekuwa ameshagonga muhuri. Sasa alingoja. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka nje, na katika kimya kile walionekana kama watu wawili waliokaa ndani ya wingu.

"Kuna kitu kidogo," Erastus alisema mwishowe. "Sili ya kontena, ile lakiri ya mlangoni, ilikatika nikibadilisha tairi. Nilikuwa nataka kunyamaza."

Gentrix akaitoa kalamu. "Sili ilikatika ukibadilisha tairi, na ulitaka kunyamaza. Ilikatikia wapi, mzee?"

Erastus akamweleza yote. Waliripoti mapema, na shida iliyokuwa inamngoja mbele haikupata nafasi ya kuamka. Alipotoka, mzee yule alisimama mlangoni akamtazama tena, kama mtu aliyesahau kitu kizuri ndani.

Mataniboi walibadilisha utani. "Dada Kalamu!" waliita. Lakini sauti zao zilikuwa zimelegea, na mmoja wao alianza kuja asubuhi kumweleza habari za mkewe.

Wiki ya tatu Mama Truphena aliingia ofisini. Willis aliinamia njugu zake, asitazame. Mama Truphena alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, amejifunga kama mlango wa duka siku ya mazishi.

"Maboksi ishirini na tano. Alhamisi. Busia."

Maneno yalikuwa machache, kama aliyeamua kutopoteza mengine. Kalamu ilikuwa mdomoni mwa Gentrix. Alingoja, kisha akaitoa, akailaza juu ya goti.

"Maboksi ishirini na tano, Alhamisi, yanavukia Busia."

"Ndiyo hayo."

Lakini mkono wa Mama Truphena ulikuwa unafungua zipu ya mkoba na kuifunga, unafungua na kuifunga. Zamani Gentrix hakuwa akiiona mikono ya watu.

"Kuna jingine, mama?"

Mama Truphena alitazama dirishani. Lori lilipita polepole, kivuli chake kikaingia chumbani, kikapanda ukutani, kikawafunika wote watatu, kikatoka. Kile kimya kilimwasha Gentrix mwili mzima. Neno lake la zamani lilipanda, likagonga meno, likarudi chini.

"Nicholas hataki tena kubeba vifaranga," Mama Truphena alisema. "Anasema bado anawasikia."

Gentrix hakusema pole upesi, ingawa pole ilikuwepo. "Bado anawasikia," alirudia. Ilimuuma kuyatamka. "Na mimi, mama. Usingizini."

Mama Truphena aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Zipu ikatulia.

"Basi nimechukua dereva mwingine, anaitwa Ojiambo, ana gari lake. Sijui kama hilo linahusu karatasi zako. Nilitaka kukuambia, halafu nikasema, aa, huyu atasema anajua."

Linahusu. Karatasi zote za Mama Truphena zilibeba namba ya pikapu ya Nicholas, na Gentrix aliijua namba hiyo kama siku yake ya kuzaliwa. Angeiandika akiwa amefumba macho. Vifaranga wangesimama tena juani, kati ya malori ya saruji.

"Sikujua," alisema Gentrix. "Niambie namba ya gari la Ojiambo, mama. Pole pole."

Alhamisi alikuwa Busia kabla ya pikapu. Ojiambo aliingia saa mbili na nusu, mwanamume mnene mwenye kofia ya kijani. Karatasi ziliitikiana upesi, hata wapagazi waliokuwa wanakunywa chai hawakuwahi kumaliza vikombe.

"Twende, dada?" Ojiambo aliuliza. "Umesimama kwenye bampa langu."

"Ngoja. Nyamazeni kidogo."

"Tumefanya nini?"

"Nyamazeni tu."

Wakanyamaza, wakitazamana. Gentrix alipiga goti juu ya lami, akaweka shavu kwenye boksi la chini kabisa. Lilikuwa la baridi, baridi ya asubuhi. Ndani yake mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati, nzito, bila kukatika. Mguu mdogo ulikwaruza katoni karibu kabisa na sikio lake. Alisikia harufu ya manyoya makavu, na nyuma ya harufu hiyo, bila kujua ilitoka wapi, harufu ya omena iliyoloa.

Alitoa simu, akampigia Mama Truphena.

"Gentrix? Kuna nini? Wamekwama?"

Hakujibu. Aliishika simu kwenye tundu la boksi. Upande wa pili, kule Bungoma, mtu alivuta pumzi na kuizuia. Wakakaa hivyo. Wapagazi walisogea, mmoja akavua kofia bila sababu.

"Mwambie Willis," sauti ya Mama Truphena ilisema hatimaye, kwa mbali, kutoka ndani ya kile kilio kidogo cha vifaranga elfu mbili na mia tano, "asiisogeze ile meza yako ya dirishani."

Gentrix aliinuka kutoka kwenye lami. Pikapu ikawaka, ikaanza kwenda polepole kuelekea upande wa pili, naye alitembea kando yake hatua chache, mkono umenyooshwa, simu imegusa boksi, mpaka kwenye mstari asioruhusiwa kuuvuka. Sauti ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikaingia katika kelele za soko la Uganda. Hata ilipopotea kabisa, simu ilikuwa bado wazi, na pande zote mbili walikuwa bado wanasikiliza.